Makala zangu saba za kifafa na majina yangu matatu

Niliombwa orodha ya machapisho kwa ajili ya maombi ya masomo, nikapewa siku kumi. Nikacheka. Makala saba tu, zote za dawa za kifafa, nimeziandika mwenyewe hapahapa Mtwara. Hiyo si kazi ya jioni moja na chupa ya chai? Ilinila siku tisa.

Shida ni majina yetu. Mimi ni Hamisi, baba Issa, babu ana jina la Kimakonde ambalo hata cheti changu cha kuzaliwa kimelikosea. PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, wao huorodhesha jina la ukoo na herufi za mwanzo. Makala ya kwanza, ya wagonjwa wanaoacha fenobabito msimu wa korosho wakihamia mashambani, nimo kama Issa H. (Dawa ya tangu 1912, rahisi, lakini ukiikatisha ghafla degedege linaweza kuja lisikatike.) Ya pili mhariri akageuza majina, nikawa Hamisi I. Ya kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, kwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU nikamwingiza babu, nikawa mtu wa tatu. Hiyo ndiyo ninayoringia, maana kabamazepini inaishusha dolutegraviri, mojawapo ya hizo dawa za VVU, kwenye damu mpaka inabidi imezwe mara mbili kwa siku, na vituoni wachache wanakumbuka kumuuliza mgonjwa anameza nini kingine.

Kaka mmoja wa takwimu, mtu asiyejua kusema sijui, akaniambia, "Dokta, unajitesa bure. Fungua Google Scholar, ile ya Google ya kutafuta makala za kitaalamu, itakujazia orodha yenyewe." Nikafungua, nikaandika Issa H, kila ilichoniuliza nikakubali, nikalala. Asubuhi nina makala mia mbili na ushee! Nikapiga skrinishoti, nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la idara. Hongera zikamiminika: Profesa, mwamba wa Kusini, tutakunywa soda lini. Saa nne bosi akaniita, simu mkononi.

"Dokta Issa, huyu ngamia mwenye minyoo ulimtibia Mikindani?"

Nikasoma orodha kwa mara ya kwanza. Ngamia walikuwa wengi. Kulikuwa na zege, visima vya mafuta, na kitu kuhusu meno ya bandia. Kumbe akina Issa H wamejaa duniani, na wote ni wachapakazi kuliko mimi. Kuwafuta mmoja mmoja, kwa bando la kuungaunga, kulimaliza siku mbili na sijui elfu ngapi. Kaka wa takwimu nilipomweleza alisema ningeanza kwa kuchuja. Sasa ndiyo ananiambia!

Hila yenyewe ilinijia nikimenya ming'oko kwa mama mkwe. Mwenzangu niliyeandika naye makala karibu zote ana jina la ukoo la Kimakonde linaloanza na N mbili, na sidhani kama nje ya Newala yuko mwingine. Nikaacha kujitafuta mimi, nikamtafuta yeye. Zikatoka tano kwa mpigo, nami nimo ndani kwa majina yangu yote matatu, kama mkimbizi wa madeni. Ya sita ikagoma. Nikajaribu jina lake kwa N moja, kwa utani tu. Ikatoka! Nilipiga yowe mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Jarida lilikuwa limeona N mbili ni kosa la uchapaji likamnyang'anya moja. Niliwaandikia, wakamrudishia bure.

Zote nikaziweka kwenye ORCID, kitambulisho cha mtandaoni cha watafiti. Kujisajili hakuna cha kueleza. Ni namba ya tarakimu 16, haina malipo, na haijali babu yako anaitwaje. Ningeichukua siku ile ile ya makala ya kwanza, lakini nani aliniambia?

Ya saba ni aibu yangu. Barua pepe ya jarida moja iliniita Mheshimiwa Profesa wakati nikiwa daktari wa mwaka wa pili, nikalipa dola mia na kitu ili wanichapishe, pesa ya mabati. Waliikubali makala ndani ya siku tatu. Iligusa valproeti kwa wasichana, dawa ya kifafa inayojulikana kumdhuru mtoto aliye tumboni, na hakuna mhakiki aliyeuliza hata swali moja juu ya hilo. Tovuti yao sasa haifunguki. Nimeiacha nje ya orodha, zimebaki sita.

Kwenye kundi la idara bado naitwa Daktari wa Ngamia.