Uhasibu Uliovaa Joho

Nilirudi kutoka Arusha Jumapili na leo ni Alhamisi, lakini moyo wangu bado umesimama pale pale kwenye meza ya chai, nje ya ukumbi wa mkutano mkuu wa chama chetu cha wanasheria, ukimsikiliza mzee.

Mzee mnamfahamu, nimeshamwandika humu mara nyingi. Ndiye aliyenipokea ofisini kwake nilipoacha kazi Hazina, na ndiye aliyenifundisha kusimama mbele ya jaji bila kutetemeka. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuwasilisha taarifa ya kamati yetu ya kodi, kurasa 12 za mapendekezo tunayokusudia kuyapeleka Dodoma pindi Muswada wa Sheria ya Fedha utakapofikishwa mbele ya Kamati ya Bajeti ya Bunge. Nikamfuata nimwamkie.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umesoma vizuri. Ila hebu niambie, hii kodi yenu ni sheria kweli? Mimi naona ni uhasibu uliovaa joho.”

Wenzangu wawili waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikasema, “Ahsante, mzee,” nikatia sukari kwenye chai ambayo ilikwisha kutiwa sukari.

Miaka yote hii ya kazi, na jibu nililokuwa nalo ni ahsante. Njia nzima ya kurudi Dar es Salaam nilikuwa nikimjibu kimoyomoyo. Basi lilipofika Same nilikuwa nimepata jibu la kwanza: Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na kwa hiyo kabla kodi haijawa tarakimu kwenye daftari la mhasibu, huwa kwanza ni maneno yaliyopitishwa na wawakilishi wa wananchi. Korogwe, mdogo wangu alipopiga simu kunijulisha kwamba amejifungua salama mtoto wa kiume, nilikuwa katikati ya jibu la pili, la Jaji Rowlatt wa Uingereza, ambaye katika shauri la Cape Brandy Syndicate la mwaka 1921 alisema kwamba katika kodi hutazamwa kile tu kilichoandikwa waziwazi, pasipo kudhania wala kuongeza. Kama hivyo ndivyo, basi kuna tawi gani la sheria linalodai umakini wa neno kuliko hili, ambamo “na” ikiandikwa mahali pa “au” mtu anaweza kupoteza duka? Chalinze nikamkumbusha Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza, namna abiria wa daladala walivyokuwa wakibishana kama Serikali ina haki ya kukata fedha ambayo ilikwisha kukatwa kodi kwenye mshahara, hadi tozo yenyewe ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka huo huo. Hilo lilikuwa swali la haki, mzee, na waliliuliza watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha hesabu.

Majibu yote matatu ni mazuri. Hakuna hata moja lililoniletea usingizi.

Juzi usiku, baada ya Bodi ya Rufani za Kodi kutupa ushindi katika shauri tulilolipigania kwa miaka miwili, niliifungua tena taarifa ya kamati ili nijiridhishe kwamba mzee hakunitendea haki. Nikaisoma yote kwa sauti ya chini, sebuleni, watoto wamelala. Ukurasa wa nne tunapendekeza kulegezwa kwa sharti la kulipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi kisichobishaniwa, kwa kutegemea kipi ni kikubwa, kabla pingamizi halijapokelewa. Hoja imejengwa vizuri na vifungu vimetajwa. Lakini katika kurasa zote 12 hamna mtu hata mmoja.

Na mtu yupo. Yupo mama wa duka la vifaa vya ujenzi kule Morogoro, aliyekuja ofisini na kopo la maziwa ya unga lililojaa risiti za mashine. Sheria inamtaka atunze kumbukumbu kwa miaka mitano, naye alizitunza, ila joto la duka la mabati lilikuwa limezila zile karatasi. Alichomoa moja akaielekeza dirishani, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho, kisha akanipa mimi nijaribu. Ilikuwa nyeupe, na kwenye kona ilibaki alama hafifu iliyoweza kuwa saba au moja. Makadirio aliyoletewa yalikuwa shilingi milioni 54, siku zake 30 za kupinga zilikuwa zimebaki tisa, na ile theluthi, milioni 18, alikuwa tayari kuipata kwa kuuza gari lake la mizigo, ambalo ndilo lililokuwa likimletea saruji. Tuliomba apunguziwe, akakubaliwa, na gari analo hadi leo.

Yule mama ndiye chanzo cha pendekezo la ukurasa wa nne, nami nilimwondoa katika rasimu ya pili kwa sababu niliona anapunguza uzito wa hoja. Nilipofanya hivyo niliandika kama nilivyokuwa nikiandika Hazina mwaka 2009, tulipokuwa tukishughulikia kushushwa kwa VAT kutoka asilimia 20 hadi 18, na mezani petu jambo zima lilikuwa safu ya mapato yatakayopungua. Mzee alisikia kile nilichosoma. Alichokisikia kilikuwa uhasibu.

Jana nimempigia yule mama kuomba ridhaa yake, naye amekubali bila jina lake kutajwa. Nimemrudisha ukurasa wa kwanza, na kopo lake. Kamati inakutana Jumatatu, na nakala ya mzee nitaipeleka mwenyewe kwa mkono.