Madaftari ya Watoto Wangu: Kumbukumbu ya Muharram hadi Rajabu

Kwa mlioniuliza mradi wangu wa kuwaandikisha watoto shajara unaendeleaje: mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Bombo, kaskazini ya Kampala, na watoto wanasomea nyumbani. Tulianza kwa kulazimika. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na si wanafunzi wote waliorudi madarasani kabla ya Januari 2022. Binti yangu mkubwa ndiyo kwanza alikuwa anaunganisha silabi. Shule zilipofunguliwa, tukaona kusoma nyumbani kumetukaa vizuri, tukaendelea. Sasa binti ana miaka 12, mdogo wake wa kiume 9, na kitinda mimba 6.

Kusoma wanasoma. Qur'ani inakwenda, hesabu zinakwenda. Kilicholala ni kuandika. Ukiwapa kichwa cha insha wanaandika mistari minne ya "Jina langu ni fulani, naishi Bombo", kisha wanainua kichwa: "Mama, imetosha?" Mwaka mpya wa Kiislamu ulipokaribia nikaazimia kila mmoja awe na shajara yake, aandike baada ya Alasiri kabla ya kutoka kucheza.

Muharram

Nilinunua kaunta buku tatu, zile za jalada gumu, kwa sababu madaftari membamba hayamalizi mwezi mikononi mwa mtoto wa kiume. Mkubwa amelivisha lake kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi.

Masharti tuliyoafikiana ni machache. Kalamu nyekundu haigusi shajara. Nikiona kosa la tahajia nalihifadhi kichwani, na Jumamosi linatokea kwenye imla, katika daftari jingine. Tena, ukurasa uliokunjwa pembe hausomwi na mtu, hata mimi. Baba yao aliniuliza, "Je, akiandika jambo la hatari?" Nikamwambia mtoto anayejua siri yake inaheshimiwa ndiye atakayekuja kutuambia mwenyewe. Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana katika Suratul Hujurat, na sioni aya hiyo ikiwatoa watoto.

Sharti la mwisho ndilo lililonifikirisha zaidi: dhambi haziandikwi. Wazazi wengi wa Kiislamu ninaozungumza nao wanataka shajara iwe daftari la muhasaba, mtoto aorodheshe alipokosea leo. Nia ni njema, lakini siafiki. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya juu ya mtu aliyesitiriwa na Mola wake usiku, kisha asubuhi akajifichua mwenyewe. Mtoto akikosea aombe msamaha kwa Mola wake, na kama amemdhulumu mtu arudishe haki yake. Haina haja makosa yake yakae daftarini kwa wino. Nami naamini mtoto akilizoea daftari kama mahali pa kushtakiwa, ataacha kuliandika, au ataandika uongo.

Safar

Wa kiume alikwama. Herufi za Kilatini zinamchosha mkono, lakini za Kiarabu anaziandika vizuri kwa sababu ya loho, zile mbao za kuandikia za madrasa. Siku moja nikakuta ameandika ukurasa mzima wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hakuna aliyemfundisha. Nikamweleza kwamba wazee wa pwani waliandika hivyo karne nyingi, barua na tenzi, kabla ya Wazungu kuja na herufi zao. Tena Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Suuna II, mfalme wa Buganda, mwaka 1844 na kuanza kusomesha Uislamu, hizo ndizo herufi zilizotangulia kufika Buganda. Kabaka Muteesa I mwenyewe alizijua. Mtoto akaketi wima kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba.

Shida ilikuja aliposoma kwa sauti. Alitaka "pete ya bibi", ikasomeka "biti ya bibi", maana Kiarabu hakina p, na irabu ya e na ya i zinakaa chini ya alama moja. Alikwenda kumuuliza maalimu, akarudi na ba yenye nukta tatu chini. Tangu hapo anaandika p zake kwa fahari. Tumekubaliana kila Jumamosi achague ukurasa mmoja aunakili kwa herufi za Kilatini, na huo ndio mwandiko wake wa wiki. Mkono haulalamiki tena sana, kwa kuwa maneno ni yake mwenyewe.

Kitinda mimba bado hajui kuandika sentensi. Anachora, ananiambia, mimi naandika neno kwa neno kama alivyosema, naye anapitisha penseli juu ya maandishi yangu. Nilimsimulia habari za Zaid bin Thabit, kijana aliyemwandikia Mtume wahyi, na sasa mimi ndiye katibu wake. Nikibadilisha hata neno moja ananirudisha.

Rabiul Awwal

Mvua zimeanza. Wa kiume ana kuku wake, anauza mayai kwa majirani, na hesabu ya mayai imeingia kwenye daftari. Kwanza niliona anapoteza nafasi ya kusimulia, kisha nikafikiri: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, inahusu kuandika deni. Tuliisoma pamoja polepole: muda uwekwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika deni, dogo au kubwa.

Jirani yetu Hajati alipita jioni.

"Asalaam aleikum, Hajati. Yale mayai sita ya Jumatatu."

"Waaleikum salaam, baba. Si nilikulipa?"

Mtoto akafungua ukurasa, akamwonyesha: sita za Jumatatu, bado, nne za Alhamisi, zimelipwa. Hajati akasoma, akafungua mkoba, akalipa, kisha akaniambia mimi: "Huyu umlinde." Tangu siku hiyo sijamhimiza kuandika.

Rabiul Akhir

Mkubwa alisema shajara ni mambo ya kisasa, ya wasichana wa kwenye filamu. Nikamsimulia habari za Ibn al-Banna, mwanachuoni wa Kihanbali wa Baghdad, aliyeandika kumbukumbu zake kwa mkono wake mwenyewe. Sehemu iliyobaki inahusu mwaka mmoja na kidogo, 1068 hadi 1069: nani amefariki, nani ameota nini, fitina gani imezuka mjini. Aliniuliza, "Alijua kwamba sisi tutasoma?" Sikumjibu, nikamwachia aandike kuhusu hilo. Ukurasa ule umekunjwa pembe.

Suala la lugha nalo. Nyumbani tunasema Kiswahili na Kinubi, lugha yetu Wanubi, dukani Kiluganda, vitabu vya masomo ni Kiingereza. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, una masomo manne, na Kiswahili hakimo, ingawa Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali kiwe somo la lazima shuleni. Katika shajara nimewaachia waandike neno lolote linalowajia kwanza. Wanapokwama kwa Kiswahili wanatia la Kiluganda, hadithi inasonga. Kiingereza cha mtihani kina saa zake asubuhi.

Jumada, ya kwanza na ya pili

Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Nanukuu kwa idhini ya mkubwa:

"Jana usiku taa kubwa ziliwashwa kule karibu na barabara. Mabati yamesimamishwa wima, chini yake mapipa. Wanaume wakachoma majani mabichi, moshi mzito. Senene wanafuata taa, moshi unawalevya, wanagonga bati tii, tii, tii, wanateleza ndani ya pipa. Mjomba alisema tusiangalie taa, macho yatauma, lakini mimi niliangalia kidogo. Leo tumewatoa mbawa na miguu mpaka mchana. Bibi hakutia mafuta kwenye kikaango. Senene ana mafuta yake. Kwanza alitoa maji, halafu mafuta, halafu harufu ikafika hadi kwa Hajati, na Hajati akafika."

Huyu ndiye aliyekuwa ananiuliza kama mistari minne imetosha. Sikumpa kichwa cha habari. Ninachofanya tangu Safar ni kuwauliza swali moja tukiwa njiani au tukiosha vyombo: umesikia nini leo? Nini kimenuka? Nani kasema neno lililokushangaza? Sitaki jibu hapo hapo; linakwenda daftarini. Kama mzazi ana nafasi ya kufanya jambo moja tu, namwomba afanye hili.

Kuna siku hawaandiki. Homa ya malaria ilimlaza wa kiume, daftari likapumzika naye.

Rajabu

Kaunta buku ya mkubwa imejaa. Tumenunua sanduku dogo la bati lenye kufuli, ufunguo anao yeye. Watoto wa jirani wameanza kuja Jumamosi na madaftari yao, wengine wanasoma shule za kawaida, na wote wanakaribishwa.

Mkubwa ameomba jambo ambalo sikulipanga: aandike masimulizi ya bibi yake kuhusu wazee wetu Wanubi, waliokuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria kusini mwa Sudan, ambao Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua mwaka 1891. Mambo hayo sisi tunayo midomoni tu, na wanaoyajua vizuri wanapungua. Bibi amekubali, ila naye ameweka sharti lake: kila kitakachoandikwa asomewe, na asipokitambua kifutwe. Wanaanza Alhamisi baada ya Isha. Mdogo wa kiume ameomba aandike nakala ya pili kwa herufi za Kiarabu, bibi asome mwenyewe.