Vitunguu vya Bibi

Leo asubuhi naburuta pipa la taka nje, baridi bado ya kukata masikio, mdogo yuko nyuma yangu viatu kavaa kushoto kulia, mara nasikia "Baba, vitunguu vya bibi vimetoka!" Nikainama. Kweli bwana, pembeni ya uzio vincha vya kijani vimetoboa udongo, urefu wa kidole tu. Februari hii, Reading yetu hii ya Uingereza. Na huyu mtoto hata hakuwa amezaliwa, ila kisa anakijua.

Mama alikuja Januari 2016, kosa langu mwenyewe kumkatia tiketi mwezi huo. Wiki tano kaegemea hita, khanga juu ya sweta, anaangalia bustani dirishani. "Miti yote mmeiua, mmeifanyaje?" Nikimwambia imelala tu ananitazama kama tapeli.

Siku hiyo natoka kazini, saa kumi na moja na bado kuna mwanga, si haba baada ya miezi ya kurudi gizani, nafungua mlango nakutana na harufu ya dagaa wanakaangwa, roho ikatulia. Naingia jikoni. Kwenye kibao kuna fungu la majani ya kijani, limekatwa jembamba jembamba, ile kata yake ya kachumbari, na kisu kina ute kama kimetoka kwenye bamia.

"Mama, haya umetoa wapi?"

"Si hapo nje. Mna vitunguu majani vinateseka na baridi, nyie mnakimbilia dukani. Ila vya huku, mwanangu, havina hata harufu."

Nikachukua kipande nikanusa. Kweli, majani matupu. Hapo ndo nikakumbuka bibi wa jirani alishaniambia pale nisipakanyage, kuna dafodili, yale maua ya njano ya Machi. Ni sumu yale, ukila yanatapisha. Nikazima jiko mkono unatetemeka, kuangalia kikaangoni naona vijani vitatu vinne vimeshalala juu ya dagaa.

"Umeonja?"

"Nimeonja chumvi."

"Kabla ya kutia majani au baada?"

"Wee mtoto, umekuwa polisi?"

Dagaa wakaenda pipani, fungu la mwisho alilotoka nalo Tanga, akaninunia mpaka kesho yake. Saa nane usiku nasikia maji bafuni, nikaruka kitandani nikagonga mlango. "Natia udhu," akajibu. Mpaka leo sijui kama kweli ulikuwa udhu.

Mwaka uliofuata pale alipokata yalitoka majani tu, bila ua hata moja, jirani akasema kile kitunguu cha chini kinalishwa na majani, ukiyakata mapema kinashinda na njaa.

Basi leo nimevipiga picha vile vincha nikamtumia Mama. Amejibu kwa sauti, nyuma jogoo anawika: "Mashallah, mwaka huu vimenona. Mmeshavila?"