Goma hadi Bukavu na samaki aliyerudishwa majini

Tuliondoka Goma asubuhi kwa boti ya kasi juu ya Ziwa Kivu, mimi na yaya, yaani kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuja kutusalimia baada ya miaka minane Florida. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imejifunika mawingu. Mitumbwi ya kuvulia sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, mitatu mitatu imefungwa kwa miti mirefu, ilikuwa ikirudi pwani, taa zimezimwa, wavuvi wakipiga kasia kwa wimbo. Yaya aliwatazama mpaka wakapotea.

Karibu na kisiwa cha Idjwi alitoa simu akanionyesha picha: yeye amelala kifudifudi ukingoni mwa boti, mkono majini, na kando yake kichwa cha samaki kipana kuliko kifua chake. Mama mmoja wa benchi la nyuma akainama kuangalia.

"Mulimukula?"

"Hapana mama, tulimwachilia."

Mama akashika mdomo.

Ni chewa Goliathi, samaki wa bahari ya chumvi, anayeweza kufikia mita 2.4 na kilo 360. Hukua polepole, na msimu wa kutaga mayai hukusanyika kwa wingi mahali pamoja, tena hamkimbii mtu. Wenye mikuki waliwamaliza kirahisi, mpaka Marekani ikakataza kuwaua mwaka 1990. Tangu 2023 Florida hutoa kwa bahati nasibu vibali visivyozidi 200 kwa mwaka, na ni vya samaki wadogo tu. Wakubwa hawaguswi.

Hapo yaya akasahau safari. Alisema ndoana huwa ya mduara, ncha imeelekea ndani, ili imshike pembeni mwa mdomo asiimeze. Kamba lazima iwe nene, maana samaki akivutana na mtu muda mrefu huchoka mno, na hata ukimwachilia anaweza kufa baadaye. Mtu hamwinui kutoka majini: uzito wake mwenyewe ungemuumiza ndani. Na akitolewa kilindini, kibofu chake cha hewa huvimba, akabaki anaelea. Nahodha wao alimrudisha chini kwa kamba yenye uzito. "Kabla hajaenda alinguruma. Nilisikia kwenye mbao za boti, hapa kifuani."

"Ulilipa pesa, ukamupata, ukamuacha aende?" mama aliuliza tena.

"Ndiyo, mama. Wale wakubwa ndio wazazi."

Mimi sikukubali mara moja. Ndoana ni ndoana, na samaki yule hakuomba kuchezewa. Lakini nilimwona yaya jinsi alivyokunja vidole akionyesha alivyomshika taya mpaka akapiga mkia, nikajua hasemi mambo ya kujisifu. Kivu yetu haina samaki wa ukubwa huo. Maji ya chini hayana oksijeni, na sambaza, walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huishi tabaka la juu tu. Wazazi wao ni wa urefu wa kidole. Chandarua cha mbu kikipita, hakibakizi mzazi wala mtoto.

Tulishuka Bukavu jua limepanda. Mama muuzaji wa kwanza alikuwa na sambaza wembamba kama njiti za kiberiti. Yaya aliokota mmoja, akamlaza kiganjani.

"Wakubwa wako wapi, mama?"

"Papa, leo ni hawa tu."

Akamrudisha taratibu kwenye beseni, tukaenda kwa muuzaji mwingine.