Nilivyochora ramani ya Julia Morgan Hall, ukumbi wa mbao uliohamishwa vipande vinne

Ukikulia Mji Mkongwe, Zanzibar, unazoea vyumba virefu na vyembamba. Hayo si mapenzi ya mwenye nyumba, ni amri ya boriti. Mkoko ukivushwa zaidi ya mita tatu hivi huanza kulemewa na mawe na chokaa ya dari, kwa hiyo chumba kinaweza kwenda mbele kadiri mtu atakavyo, lakini upana wake umeshaamuliwa huko mikokoni. Ndiyo maana darasa letu la jioni la uchoraji wa ramani, hapa Berkeley, California, lilipotutaka kila mmoja achague jengo la zamani, mimi nilichagua la mbao tupu. Nilitaka kuona mbao inaweza nini isipobebeshwa mawe.

Ukumbi wenyewe ulijengwa mwaka 1911 katika Chuo Kikuu cha California. Wanafunzi wa kiume wa mwaka wa mwisho walikuwa na jengo lao la kukutania tangu 1906, Senior Hall, la magogo ya redwudi, mti mrefu mwekundu wa California, lililobuniwa na msanifu John Galen Howard. Wanawake walikuwa wakisoma chuoni hapo tangu miaka ya 1870, nao wakataka pao. Kazi ya kubuni akapewa Julia Morgan, ambaye mwenyewe alihitimu uhandisi hapo hapo mwaka 1894, akaenda kusomea usanifu Paris, na mwaka 1904 akawa mwanamke wa kwanza kupata leseni ya usanifu majengo California. Ukumbi ukaja kuitwa Girton Hall, kwa jina la chuo cha wanawake cha Cambridge, Uingereza.

Kabla ya kushika penseli nilimpigia simu ami yangu, fundi seremala wa siku nyingi. Nilimweleza jengo, naye baada ya kuitikia marahaba akaniuliza mambo mawili tu: "Mbao za juu zinavuka kiasi gani, na miguu ya nguzo imekaa juu ya nini?" Maswali hayo ndiyo yaliyoniongoza kazi nzima. Badala ya kuanza na sura ya mbele kama wenzangu, nilianza na mzigo: nikasimama ndani, nikaangalia paa, nikafuata uzito unavyoshuka kutoka ubao hadi mhimili, kutoka mhimili hadi nguzo, hadi chini.

Na hapo ndipo Morgan anapomsaidia mwanafunzi. Ndani hakuna plasta ya kuficha kitu. Redwudi imeachwa na rangi yake, na mihimili ya paa iko wazi juu ya kichwa. Chumba kikubwa ni kimoja, kina meko ya kuotea moto, na watu wanaweza kukaa kwa makundi bila nguzo kusimama katikati yao. Pambo la ukumbi ni kazi yenyewe ya mbao: zinakutana wapi, zimepangwaje, mwanga unazipitia vipi. Kwangu mimi huo ndio usanifu wa heshima, na ningeumia sana kuona mtu anapitisha brashi ya rangi humo.

Vipimo vya chini nilivipata kwa futi kamba na mwenzangu wa kushika upande wa pili. Tulipata ruhusa ya kuingia siku ambayo ukumbi haukukodishwa. Juu ndiko kulikokuwa na kazi, maana ngazi hatukuruhusiwa. Nilichukua ufito mnyoofu nikautia alama kila futi moja, nikausimamisha ukutani, kisha nikapiga picha kutoka mbali, kamera ikiwa imenyooka na ukuta. Nyumbani nikazitumia alama za ufito kukadiria urefu wa kila kitu kilichokuwa kwenye ukuta huo. Upana wa ubao mmoja nao ukawa kipimo changu cha pili: unapima ubao, unahesabu mbao, unalinganisha na picha. Majibu mawili yakikubaliana unaandika, yakipingana unarudi.

Nilikwenda pia kuitazama Senior Hall, na nawashauri wote wanaopenda ujenzi waangalie majengo haya mawili pamoja. Yote ni redwudi, lakini mbao imetumika kwa njia mbili tofauti kabisa. Mti ukikauka husinyaa kwa unene, kwa urefu haufupiki karibu hata kidogo. Ukuta wa magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine kwa hiyo hushuka polepole kadiri yanavyokauka, na milango na madirisha lazima yaachiwe nafasi. Fremu ya nguzo zilizosimama, kama ya ukumbi wa Morgan, haina shida hiyo. Tena ni nyepesi, na katika mji ambao ufa wa Hayward, ufa wa ardhi unaoleta matetemeko, unapita chini ya uwanja wa mpira wa chuo, wepesi na kunepa kwa mbao si jambo dogo. Adui wake ni moto: mwaka 1923 moto ulioshuka kutoka vilimani uliteketeza nyumba karibu 600 za Berkeley, nyingi zikiwa za mbao.

Fremu hiyo ndiyo iliyouokoa ukumbi. Ulikwisha kusogezwa mara moja mwaka 1946, na kwa miaka mingi baadaye ukatumika kulelea watoto wadogo. Mahali pake palipohitajika kwa jengo jipya, ulikatwa vipande vinne, na Januari 2014 ukapandishwa kilimani hadi bustani ya mimea ya chuo, ukaunganishwa upya juu ya msingi mpya na kupewa jina la Julia Morgan. Najua wapo wanaoamini jengo likihamishwa limepoteza nusu ya maana yake. Mimi sikubaliani nao hapa. Ng'ambo ya barabara kuna msitu mdogo wa redwudi zilizo hai. Unaweza kugusa gome la mti, kisha ukavuka ukagusa ubao. Nyumba ya mawe ya kwetu huwezi kuipandisha gari.

Mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa kuanzia paa hadi msingi, ndio nilioukamilisha mwisho, na nimeupenda kuliko mingine yote kwa sababu njia ya mzigo inasomeka yote kwa mstari mmoja. Swali la ami la miguu ya nguzo nimelichorea karatasi yake peke yake: mbao haigusi udongo, imekaa juu ya zege, na redwudi ya moyo wa mti ina tanini, kemikali ya asili ya mti, inayozuia mchwa na kuoza. Sasa nimeomba ruhusa ya kupima kona za Senior Hall, ambako magogo hayalingani unene, na kila moja itabidi lipimwe peke yake.