Viza ya Ulaya Haikutosha Kunifikisha Réunion

Mimi ni muongoza watalii, hapa Moshi, na masika yakianza kazi hulala. Mgeni mmoja niliyempandisha Kilimanjaro kwa njia ya Machame, nesi wa Saint-Pierre katika kisiwa cha Réunion, Bahari ya Hindi, aliniambia wakati wa kuagana: njoo Mei nikupandishe mlima wetu. Nikajua ni maneno ya getini tu, wageni wote huahidi. Mwezi haujaisha, barua ya mwaliko ikaingia.

Pasipoti yangu ilikuwa na viza ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ambayo haijaisha, niliyoipata kwa maonyesho ya utalii Ujerumani. Wakala aliyenikatia tiketi akaitazama akacheka: "Kaka, Réunion si Ufaransa hiyo hiyo? Umeshamaliza." Nikalipa. Bahati yangu nina tabia ya kusoma usiku. Kumbe kisiwa kile ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946, kimo ndani ya Umoja wa Ulaya, hela yao ni yuro, wana wabunge 7 kule Paris, lakini hakimo katika eneo la Schengen. Viza yake huombwa peke yake. Ningeenda na ile yangu ningegeuzwa njiani.

Nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar na bahasha: mwaliko, taarifa ya benki, bima ya safari, barua ya kazini. Mke wangu akachomeka na cheti cha ndoa, ambacho hakuna aliyekiomba. "Waone una mtu wa kurudia," alisema. Dirishani niliulizwa kama nakwenda Ufaransa ya Ulaya pia. Nikasema hapana, Réunion basi. Viza ilichelewa, tiketi nikaisogeza mbele kwa gharama yangu, na wakala akanipa pole.

Mlima wao, Piton des Neiges, una mita 3,071. Kwa mtu wa Kilimanjaro hapo hata kambi ya Shira hujafika, kwa hiyo nilijitamba sana. Mlima ukanijibu magotini. Kutoka mji mdogo wa Cilaos hadi kibanda cha Caverne Dufour ni ngazi za mawe, mwinuko mtupu, na hakuna wagumu, yaani wapagazi: kila mtu na begi lake. Miaka yote nimewaambia wapagazi "twende, twende". Siku ile mabega yangu yaliwaombea msamaha. Pwani nako nilipewa masharti mapema: usikanyage matumbawe, na usiogelee nje ya wangwa kwa sababu ya papa. Nilitii bila kubishana.

Ila niliharibu mezani. Wali, dengu za Cilaos, kachumbari ya pilipili kali kama ya bibi yangu, familia yote imekaa. Nikamuuliza kaka wa yule nesi, kwa nia njema kabisa, mtapata uhuru lini? Mimi nimesoma shule za Tanzania. Kwetu kisiwa chenye bendera ya Ulaya ni koloni, halafu inafuata sherehe.

Akaweka uma chini. "Uhuru upi?" Babu yake alikuwa mkata miwa, na walichopigania mwaka ule wa 1946 ni kuhesabiwa sawa na Mfaransa wa Paris: sheria ile ile, shule ile ile. Dada yake akaingilia: sawa gani, wakati kima cha chini cha mshahara kililingana na cha Ufaransa mwaka 1996? Wakaanza kubishana wao kwa wao kwa Krioli, lugha ya kisiwani, mimi nimesahaulika na sahani yangu.

Yule kaka sura yake ungempita stendi ya Moshi usigeuke. Huko watu wenye asili ya Afrika huitwa Kaf, na 20 Desemba ni sikukuu yao, siku utumwa ulipokomeshwa mwaka 1848. Nikamwambia nilichokijua: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa huku. Akaniomba nimwandikie neno Kilwa kwenye karatasi. Akalikunja, akalitia mfukoni.

Kisha akalipiza. "Na Zanzibar yenu? Ina rais wake, ina bendera yake. Ni nchi au si nchi?"

Nilianzia Aprili 1964. Kahawa ilipoletwa bado nilikuwa kwenye mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano, na dengu zangu zilikuwa zimepoa.