Masizi ya sufuria ya kuazima

Hapa Bombo sufuria kubwa hatununui kila mtu ya kwake, tunaazimana. Ila masharti yanajulikana: irudi imeoshwa ndani na nje. Baada ya akika ya mwanangu nilibaki na sufuria ya Hajati, jirani yangu, nyeusi tii mpaka ukingoni. Kuni zilikuwa zimenyeshewa, na kuni mbichi haziachi masizi ya kupangusa; zinaacha lami inayong'aa, imeng'ang'ania kama rangi.

Nilisugua kwa stilwaya mpaka vidole vikachubuka. Nikaona niloweke kitako chake kwenye maji moto ya magadi, usiku kucha. Asubuhi lami ilikuwa imelegea kweli, lakini alumini yenyewe imegeuka kijivu kilichofifia. Niliumia moyo, maana sufuria ile ilipikia harusi za nusu ya mtaa.

Nikampelekea mwenyewe nikiomba radhi. "Magadi ni ya maharage, mwanangu," akasema, "alumini haiyawezi." Akaniketisha uani. Tulikwangua lami iliyobaki kwa kipande cha mti, si kisu, kisu kinachimba. Kisha sabuni ya mche na majivu yaliyochekechwa, kwa maganda makavu ya mgomba, tukisugua kwa kuzunguka na kusuuza upesi, kwani majivu nayo yakikaa sana yanafanya kama magadi. Mwisho akakata ndimu, tukapaka nje yote, tukangoja kidogo. Ule ukijivu ukaanza kuondoka. Ukali wa ndimu unakula ile ngozi nyeusi ya juu, ndiyo maana hata ukipika ukwaju ndani ya sufuria ya alumini iliyofifia, unaiona imetakata.

Lakini lililonifaa zaidi alinifundisha tukiwa tunakausha mikono: ipake sufuria kabla ya kuibandika. Sabuni iliyolainishwa kwa maji, ukandike na majivu kidogo, kitako chote na ubavuni mpaka moto unapofika, ukiacha vidole viwili chini ya ukingo ili isichuruzike chakulani. Masizi yanashika kwenye sabuni, hayaigusi alumini.

Sikukuu iliyofuata niliazima sufuria ileile. Nilipika pilau kwa kuni tangu alfajiri. Ilipopoa nikaimwagia maji, weusi wote ukateremka pamoja na sabuni, hata stilwaya sikuigusa. Kabla ya alasiri ilikuwa kwa Hajati, na sahani ya pilau ndani yake.